Bakuli la Kumi na Tatu

Mwanamke mmoja alikuwa na bakuli. Lilikuwa bakuli la bati, jeupe, lenye ua jekundu ubavuni, na kwa ukubwa halikuwa na mwenzake kijijini. Mwanamke huyo aliitwa Namsifu. Jina hilo alipewa na baba yake, mwimbaji wa kwaya, naye alikusudia kwamba wa kusifiwa ni Mungu. Kijiji chao kilikuwa mlimani, kwenye baridi, katikati ya migomba na mashamba ya tangawizi, na nyumba zake zilipanda moja juu ya nyingine kufuata mteremko. Chini palikuwa na nyumba ya Namsifu, katikati kanisa, na juu kabisa, pale mfereji wa maji unapoanzia, palikuwa na nyumba ya Mzee Kateri.

Mzee Kateri alikuwa bahili. Sisemi alikuwa mwangalifu wa mali. Wako watu waangalifu na ni watu wema. Huyu alikuwa mkono wa birika hasa. Mahindi yake yalijaa darini mpaka mbao zikalia, maharage yake yalizeekea kwenye magunia, na bado jirani akija kuomba kaa la moto alimwambia moto umezimika, huku moshi unatoka paani. Alipika bila kukaanga kitunguu, ili harufu isivuke ua ikamletea mgeni. Mbwa hakufuga, kwa kuwa mbwa anakula. Akisikia kishindo nje, alibweka mwenyewe. Hayo watu waliyasema wakicheka, nami siapi kwamba yote ni kweli. Lakini mkewe alikuwa amekufa, wanawe walikuwa wamehamia mbali na wameacha kuja, na hilo ni kweli, wala halikumchekesha mtu.

Sasa, huko mlimani kuna desturi, na nadhani hata kwenu ipo. Jirani akikuletea chakula katika chombo chake, chombo hicho hakirudi tupu. Utatia mayai mawili, au ndimu, au chumvi kidogo kwenye karatasi. Ukikosa kabisa, utatia hata majani ya mchaichai. Si malipo, maana hakuna anayelipa nyama kwa majani. Ni namna ya kusema: umeniona, nami nimekuona. Anayerudisha chombo kitupu ni kama amefunga mlango wake kwa ndani, na huko mlimani watu hawamsahau.

Mwaka aliofiwa na mumewe, Namsifu alikula Krismasi peke yake. Akawaza: kama hivi ndivyo inavyokuwa kula sikukuu bila mtu wa kumwambia karibu, basi yule mzee wa juu huko amekula hivi miaka mingapi? Akajaza bakuli lake wali na nyama ya mbuzi, akalifunika kitambaa, akapanda nalo mlimani. Mwanzo wake ulikuwa mwema, nataka mlijue hilo. Mzee Kateri alifungua mlango upana wa kiganja, akaitikia shikamoo yake kwa marahaba fupi, akachukua bakuli, akahamishia chakula kwenye sufuria yake, akalirudisha. Tupu. Hata jani la mchaichai hakutia, na mchaichai ulikuwa umeota hapo mlangoni, unamgusa miguu.

Namsifu akateremka na bakuli lake. Njiani akakutana na wanawake wawili wanaotoka ibadani. Wakamwuliza, "Kakutilia nini?" Naye akawaonyesha. Wakashika vinywa. "Tupu! Siku ya Krismasi! Mama, wewe una moyo." Zingatieni kwamba huyu alikuwa mjane mpya, na kwa miezi mingi watu walikuwa wakimtazama kwa huruma tu, kama anavyotazamwa kuku aliyeloa mvua. Siku hiyo walimtazama kwa namna nyingine, naye akafika nyumbani akiwa amepona nusu ya majonzi yake.

Mwaka uliofuata alipanda tena. Safari hii kulikuwa na njia mbili za kuchagua. Ipo njia ya mfereji, fupi, ya kivuli, ambayo mtu akiifuata anafika kwa Mzee Kateri chakula kikiwa bado cha moto. Ipo na njia ya kanisani, ndefu, yenye ngazi za mawe, inayopita mbele ya mlango wa kanisa. Namsifu alishika njia ya kanisani. Tena hakuondoka nyumbani mpaka ibada ya pili ikaribie kwisha, ili watu wakitoka wamkute pale na bakuli kichwani. Mwenyewe alikuwa amesali ile ya kwanza. Alipofika juu, chakula kilikuwa kimepoa na mafuta yameganda. Aliporudi, alikuwa amelifudikiza bakuli kichwani, mdomo chini, ili asiwepo wa kuuliza. Wakimpa pole, alivuta pumzi akasema, "Mungu ndiye mlipaji," kwa sauti ambayo hata aliye sokoni angeisikia.

Basi ikaenda hivyo miaka kumi na miwili. Mchungaji akaanza kumtaja kwenye karamu ya Krismasi, pale uwanjani pa kanisa: dada yetu Namsifu na bakuli lake. Akina mama wakampigia kigelegele. Watoto waliozaliwa katika miaka hiyo walijua kwamba Krismasi kuna kwaya, kuna nyama, na kuna bakuli la Namsifu linalorudi tupu. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyelisema. Namsifu alikuwa mgumu kupewa. Ukimpelekea ndizi tatu, jioni ileile chombo chako kilirudi na ndizi sita na yai juu yake, mpaka ukaona haya kumpelekea tena. Watu wakaacha. Wakasema, Namsifu ana kila kitu, Namsifu hahitaji. Naye aliona sawa, kwa sababu mkono wake ulizoea kuwa juu.

Krismasi ya kumi na tatu, usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na ngazi za mawe zilikuwa zinateleza. Mtu mwenye busara angepita njia ya mfereji. Namsifu alijaza bakuli, akalifunika kitambaa kipya alichokitarizi kwa ajili ya siku hiyo, akashika njia ya kanisani. Alipofika usawa wa kanisa, kengele ikalia. Ninyi mnajua kwamba katika makanisa yetu ya huko kengele hulia mara mbili: hulia ibada ikiisha, na hulia kabla ya hapo, watu wanaposali Baba Yetu. Namsifu alijua hivyo tangu utoto. Lakini moyo wake ulikuwa umeharakisha, akaidhania ile ya kwanza kuwa ya mwisho. Akageuza shingo kuangalia mlango wa kanisa, aone nani wanatoka, na nani wanamwona. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani walikuwa wamefika pale pa kuomba riziki ya siku. Jiwe likamponyoka mguuni, akaanguka, na bakuli likashuka ngazi likilia, wali na nyama vikabaki nyuma yake kwenye matope.

Mzee Kateri alikuwa amesimama kwenye ua wake. Hakuna aliyewahi kujua kwamba kila Krismasi alisimama pale tangu asubuhi, akitazama njia, mpaka aone kile cheupe kinapanda. Alimwona akianguka. Akangoja ainuke, hakuinuka. Akaangalia kushoto na kulia kama kuna mtu mwingine wa kwenda, hakukuwa na mtu. Ndipo yule mzee, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amepita chini ya mashamba yake mwenyewe, akafungua lango, akateremka.

Ibada ilipoisha kweli, watu walitoka wakakuta jambo la kushangaza. Mzee Kateri alikuwa amepiga magoti kwenye matope, amevua shuka lake la begani, analichana vipande ili amfunge Namsifu kifundo cha mguu. Shuka zima! Watu waliitana. "Jamani, njooni, Mzee Kateri kashuka!" Wengine walikimbia kuwaita waliobaki ndani. Wazee wenzake walimpa mkono, mama mmoja akatoa machozi, kwaya ikasimama ngazini na majoho yake ikitazama. Namsifu alikuwa amekaa palepale chini, mguu unavimba, vazi lake la Krismasi limejaa tope, na katika watu wote hao hakuna aliyemwuliza hata kama anaumia. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu watu wote walikuwa wametoka kanisani kwa wakati aliouchagua, wamesimama alipotaka wasimame, na wanamtazama mtu mwingine.

Akina mama wanne walimbeba mpaka nyumbani. Wifi yake, Elineema, akabaki naye, akamkandakanda kwa maji ya moto na chumvi, akamweka mguu juu ya kigoda. Namsifu akauliza, "Bakuli langu liko wapi?" Elineema akasema amemwona nalo Mzee Kateri, kalishika mkononi, kapanda nalo. Namsifu akafikiri amekwenda kuliosha. Akasubiri.

Hazikupita saa mbili, kelele zikaanza. Elineema akatoka mlangoni, akarudi anahema.

"Wifi! Wifi, njoo uone. Aa, huwezi kuja. Mzee Kateri anagawa mahindi!"

"Anauza," akasema Namsifu.

"Anagawa, wifi. Kabeba gunia mgongoni kama kijana. Kila nyumba anapima bakuli moja, limejaa mpaka linamwagika. Vijana wanamshushia magunia mengine kutoka darini."

"Bakuli gani?"

"Jeupe. Lina ua jekundu."

"Hilo ni langu."

Elineema akamtazama, akacheka kidogo. "Ni kweli, ni lako. Mbona huko nje watu wanaliita bakuli la Mzee Kateri?"

Ndugu zangu, kuna maumivu ya mguu na kuna maumivu mengine. Namsifu alishika ukingo wa kiti. Wivu ulimpanda, wa moto, mchungu, na hakuwa amejiandaa kwa sababu hakuwahi kujua kwamba ni mtu wa wivu. Mwenye wivu ni yule asiye na kitu. Yeye alikuwa na moyo, kijiji kizima kilisema hivyo. Akasema, "Hayo mahindi yana dumuzi. Ndiyo maana anayatoa." Elineema akasema hayana, ameyashika kwa mkono wake, ni meupe, mazuri. Namsifu akasema, "Basi anakufa. Watu wa namna yake wakiona kaburi ndipo wanatoa." Elineema akasema anayekufa hacheki vile, maana mzee yule alikuwa anacheka, meno yote matatu nje. Akatoka tena kwenda kutazama, na kila alipotoka alirudi na habari nyingine ya kumchoma mwenzake bila kujua. Amempa yule mjane wa mtengeneza vinu mabakuli mawili. Amesema mfereji anaouzuia huko juu ufunguliwe, maji yateremke kwa wote. Amemwomba radhi jirani aliyemnyima moto, na amemwita mtoto wa jirani huyo mjukuu wangu.

Namsifu alihesabu upande wake. Miaka kumi na miwili nimepanda. Kwa jua, kwa matope, mwaka mmoja nikiwa na homa. Mbuzi kumi na wawili nimechinja. Yeye amefanya siku moja tu, tena kwa chombo changu! Kama asubuhi hii nisingeanguka, angekuwa amejifungia ndani anakula nyama yangu bila hata kusema asante. Nani alimlisha mpaka akapata nguvu za kubeba gunia? Na mtu akisikiliza hesabu hiyo haoni kosa ndani yake, maana yote yalikuwa kweli. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alasiri karamu ikaanza uwanjani pa kanisa. Upepo ulileta sauti ya kipaza sauti mpaka dirishani kwake. Alijua saa ambayo Mchungaji husimama, akajikuta amejiweka vizuri kwenye kiti, amejitengeneza kitambaa cha kichwa, kana kwamba wanamwona. Mchungaji akasema, "Na mwaka huu, wapendwa, tumshukuru Mungu kwa bakuli la Mzee Kateri." Vigelegele vikapanda mpaka mbwa wakalia. Namsifu aliuma pindo la kanga yake. Kisha akaomba. Nitasema alichoomba, ingawa ni aibu, kwa kuwa huenda hapa tulipo yupo aliyewahi kuomba kama yeye. Aliomba Mzee Kateri arudi kuwa bahili.

Aliomba hivyo kwa maneno kamili, kisha akasikia alichokisema. Mtu anaweza kuishi na wivu kwa muda mrefu akiuita kwa majina mengine, lakini akishausikia unaomba kwa sauti yake mwenyewe, hana pa kuuficha. Alitazama ukutani, kwenye msumari ambao bakuli lake lilitundikwa mwaka mzima. Msumari ulikuwa mtupu. Akaona wazi kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimwombea mzee yule kwa kinywa, na moyoni akimhitaji abaki vilevile. Kwamba kama siku moja angefungua mlango wote akamtilia hata ndimu mbili, yeye angerudi nyumbani na huzuni. Tupu lile ndilo lililokuwa chakula chake. Alilia, si kwa sababu ya mguu. Elineema alipotaka kukaa, alimwambia, "Nenda wifi, nenda ukale na wenzako. Mimi nipo."

Jua lilipokuwa linaegemea mlima, mtu akapiga hodi. Namsifu akasema karibu, akidhani ni wifi yake. Akaingia Mzee Kateri. Alikuwa amechoka, ana vumbi la mahindi kwenye nyusi, na bila shuka lake mabega yalionekana membamba. Mkononi alikuwa na bakuli, na bakuli lilikuwa limejaa mpaka juu, si mahindi. Kulikuwa na mayai, ndimu, chumvi kwenye vipande vya karatasi, kipande cha sukari guru, vitunguu, pilipili, tangawizi, na juu ya yote fungu kubwa la mchaichai.

Namsifu akamwamkia, akatazama pembeni. Alidhani mzee amekuja kuonyesha alivyo mkarimu, na alikuwa hajui kama ana nguvu za kulivumilia hilo.

Mzee akaliweka bakuli juu ya kigoda, karibu na mguu wake. Akasema, "Kila mlango niliopeleka mahindi, walimimina, kisha wakatia kitu ndani, wakanirudishia. Nilisema sitaki. Wakasema, mzee, bakuli halirudi tupu. Basi nikaviweka kwenye kikapu. Bakuli si langu, mwanangu, na kilichorudi ndani yake si changu. Nimekuletea." Akaegemeza fimbo yake ukutani, akaketi. "Nilikuona ukianguka. Nilikuwa nasimama pale uani kila mwaka nakungoja, na kila mwaka nilijiambia, huyu naye atachoka. Leo nikaona umeumia. Nikasema, kumbe yupo mtu wa kuumia kwa ajili yangu."

Hapo ndipo Namsifu alipopewa alichokitamani mchana kutwa. Sifa ilikuwa imekuja mpaka ndani ya nyumba yake, imekaa kwenye kiti, tena kutoka kinywani mwa mtu ambaye sasa kijiji kizima kingemsikiliza. Angenyamaza tu. Kesho mzee angewaambia watu, na bakuli lingerudi kuitwa kwa jina lake. Alifungua kinywa kusema amina, na amina haikutoka.

"Mzee," akasema, "sikuanguka kwa ajili yako. Niligeuka kuangalia nani ananitazama."

Akainamisha kichwa, akangoja mzee achukue fimbo yake aondoke. Alikuwa amemvunjia kitu ambacho siku nzima kilikuwa kimembeba, na alijua hivyo. Mabega membamba ya mzee yakaanza kutikisika, na Namsifu alipoinua macho akakuta anacheka, polepole, kama mtu anayejifunza upya.

"Basi ni mimi," akasema. "Aliyekuwa anakutazama ni mimi peke yangu."

Naye Namsifu akacheka, akalia, akacheka tena, na hakuna kati yao aliyeweza kusema ni lipi lilianza. Walipotulia, mzee alishika fimbo yake kama anayetaka kuondoka, kisha akabaki ameishika. Aibu ilimjia usoni. Akasema, "Leo nimeingia nyumba zote za kijiji hiki. Wote walinishukuru, wote walinisifu. Hakuna aliyekumbuka kuniambia nikae nile. Tangu asubuhi nilikuwa nangoja bakuli lako."

Namsifu akamtazama, akaona kwamba yule waliyempigia vigelegele mchana wote alikuwa mzee mmoja mwenye njaa. Akaona vilevile kwamba yeye mwenyewe hakuwa amekula, na kwamba mbele yake palikuwa na bakuli lililojaa vitu vya kijiji kizima, naye hakuwa na kitu cha kuwarudishia. Mkono wake ulitaka kuanza kupanga: yai hili la nani, nimrudishie nini. Akauzuia. Akamimina vyote kwenye ungo, akavipokea hivyo hivyo.

Kisha akasimama kwa mguu mmoja. Mzee akataka kumzuia, akakataa. Alijikokota akishika ukuta mpaka jikoni. Sufuria ya wali ilikuwa bado juu ya mafiga tangu asubuhi, makaa chini yake hayajafa. Alipangusa bakuli kwa kanga yake, akalijaza. Kwa mazoea akatupa jicho dirishani. Njia ilikuwa tupu mpaka kanisani, watu wote walikuwa kwenye ngoma ya kwaya, na hapakuwa na hata mtoto aliyepita. Akatazama kidogo. Kisha akaufunga mlango wa jikoni kwa mgongo wake, akarudi na bakuli mikononi. Hakulibeba kichwani.

Mzee Kateri alipotia tonge la kwanza kinywani, aliruka, akapuliza vidole. "Ni wa moto!" akasema. "Miaka yote hii nilidhani hujui kupika."

Wakala wote wawili kutoka humo humo mpaka wali ukaisha. Mzee akapangusa ua jekundu kwa kidole gumba, akamrudishia Namsifu bakuli lake, tupu kabisa, bila hata jani. Naye akalipokea, akalitundika kwenye msumari wake, wala jambo hilo hakumwambia mtu mpaka mzee yule alipozikwa.

Ninyi mnaotoa, na mnaohesabu mlichotoa, nisaidieni hesabu hii moja. Bakuli hilo la jioni, lilikuwa la kumi na tatu, au la kwanza?